Gamba Lisilo na Mwenyewe

Misimu thelathini na mmoja shangazi Dulcie alisimama
juu ya saruji isiyokauka, Newfaundlandi,
akivunja miguu ya kaa wa theluji:
nyama kulia, gamba kushoto,
nyama kwenda Boston na Osaka,
gamba kwenda jalalani, kwa shakwe.
Mji wetu ulinuka gamba hadi kanisani.

Usiku alishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume
kama mtu ateremkaye kisimani,
maana magoti yalikataa kutazama mbele.
Humo ndani, alisema, mna kaa la moto.
Daktari akamwambia: basi kaa, pumzika.
Akacheka. Kukaa ndiko kunakoniua, alisema,
kwa kuwa baadaye ni lazima nisimame.

Wa kwanza kupata nafuu alikuwa mbwa.
Daktari Hynes, wa mifugo, alimnyunyizia Tinker
unga mweupe juu ya vichwa vya samaki.
"Gamba tu," alisema, "limelowekwa kwenye asidi, likakaushwa."
Wiki ya sita Tinker akajirusha mwenyewe nyuma ya pikapu,
na habari ikapanda pamoja naye.
Ambrose akaramba kijiko cha mbwa.
Mchungaji akaramba, akasema ni kwa ajili ya kupiga magoti.
Kufikia Pasaka kopo la Hynes lilikuwa tupu
na mbwa wa mji mzima wanachechemea.

Kisha akaja mwanasheria wa kampuni kubwa ya dawa,
viatu vyake vya Toronto vikizama matopeni.
"Nani aliyeivumbua?"
Tukatazamana.
"Kaa," akasema Ambrose.
Mkoba ukafungwa, tak.
Hataza haiandikishwi juu ya mgongo wa kaa,
na kisicho na hataza hakimtajirishi mtu,
na kisichomtajirisha mtu, nani atagharimia kukipima?

Mali bila daftari hupotea bila habari;
hii haikupotea. Ilizaana.
Mimi ndiye niliyeipanga rafuni, duka la dawa la Barabara ya Maji:
chupa ya mwanamke anayecheza tenisi,
chupa ya babu anayeruka ua,
chupa ya farasi, bei nafuu, walioijua waliinunua kimya.
Nyingine zilikuwa na nusu ya kilichoandikwa.
Nyingine, nadhani, chokaa.
Jalala likatiwa kufuli. Shakwe wakahama.

Shangazi hununua kwangu, dola kumi na tisa,
kile alichokitupa bure.
"Nimetupa tani ngapi, Noreen?"
Nilikokotoa mara moja nyuma ya risiti
nikaichana kabla hajaiona.

Inafaa?
Utafiti mmoja wasema inafaa,
mwingine wasema ni sawa na kidonge cha sukari.
"Nimekula sukari maisha yangu yote," asema shangazi,
"haijawahi kunipandisha ngazi."
Lakini nimemwona, asubuhi za ukungu,
bado akishuka kinyumenyume.

Jana aliingia Blanche Keeping,
mwenzake wa meza ile ile, bomba lile lile la maji,
magoti mabaya kuliko ya wote.
Mwaka wa kumi na nne mvuke wa kaa ulimwingia mapafuni
ukakataa kutoka; sasa chembe moja ya gamba
humfunga koo kama fundo.
Akaitwaa ya tenisi. Akavaa miwani.
Akasoma maandishi madogo, yale ya chini kabisa,
midomo ikitikisika: Tahadhari. Ina gamba la kaa.

Haina mwenyewe, dunia nzima ni yao,
isipokuwa yeye.

Akairudisha mahali pake
akaigeuza lebo itazame mbele, polepole,
kama arudishaye kikombe cha jirani.
Akanunua pipi za mnanaa.

Nje ya mlango wetu pana vidato vitatu.
Nilimsikia akishuka:
kimoja.
Nikasubiri cha pili,
chenji yake ingali mkononi mwangu.