Nikeli Kiasi cha Kope

Lugha ilijua kabla yetu:
risasi iunganishayo waya,
risasi itokayo mtutuni,
neno moja. Hatukusikia.

Fundi Ndewirwa, aliyenifunza kazi hapa Mbuyuni, Moshi,
aliushika waya wa lehemu kwa meno
miaka thelathini, mikono yote miwili ikiwa kazini.
Mwishoni chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni.
Daktari aliandika neno refu na dawa fupi.

Nilipoirithi meza, risasi niliifungia kwenye kopo la rangi.
Nikanunua bati lenye fedha kidogo, shaba kidogo zaidi.
Fedha ndani ya bati, na mfuko wangu mtupu!
Bati bishi. Lataka moto mkali,
halina ule mng'ao wa sumu.

Kisha vikaanza kurudi.
Kidhibiti cha sola cha Mama Anansia, Kibosho Umbwe,
huko juu ambako usiku baridi hutafuna vidole
na mchana paa linaweza kukaanga yai.
Bodi hutanuka kwa mwendo wake, bati kwa mwendo wake,
mchana huvutana, usiku hurudiana,
mpaka kiungo kinapata ufa
mwembamba kama uongo wa kwanza.
Daftarini: Umbwe, ufa. Mweka, ufa. Uru, ufa.
Nakiri: kopo la rangi nililifungua.
Nikalitazama. Nikalifunga.

Kiwia, mtoto wa dada yangu, anasoma ufundi Arusha.
Alikuja na koili ya waya ndani ya soksi.
"Ni bati lile lile, mama mdogo. Wametia nikeli."
"Kiasi gani?"
"Sehemu tano katika elfu kumi."
Nikacheka. Hiyo si kope iliyodondokea sufuria ya msibani?

Lakini mimi ni mjukuu wa mpika mbege.
Bibi alipima msesewe kwa ukucha:
ukipungua, unakunywa uji wa ndizi;
ukizidi, wageni wanatema uani.

Kiwia akachora juu ya bahasha ya vidonge:
shaba na bati zinapogusana, huota ngozi,
ngozi ngumu, na kila ikinenepa hupasuka.
Nikeli huingia humo, ikaituliza.
"Na bismuthi?" Nilikuwa nimesikia fununu.
"Hushusha joto la kuyeyuka. Ila iogope:
ikikuta masalia ya risasi kwenye bodi ya zamani,
kiungo kitalegea kabla maji hayajachemka."

Nikakilehemu upya cha Mama Anansia.
Masika ikapita, na ule ukungu wa Julai,
na kiangazi kilichokausha mifereji.
Mwaka wa pili, kikarudi.
Moyo wangu ukaanguka kwenye ndala.

Skrubu nne. Kifuniko. Sisimizi!
Ukoo mzima, na mayai, wamehamia kwenye joto la umeme.
Nikawafagia kwa mswaki, nikaweka lenzi jichoni.
Kiungo changu kimekaa pale pale,
kimenuna kidogo, hakina ufa.

Nilimtoza elfu mbili, ya sisimizi.
Daftarini: Umbwe, wadudu.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: bati limeshika.

Kopo la rangi bado liko chini ya meza.
Mto Karanga una wanaokunywa, shamba lina wanaolima.
Nalisogeza kwa mguu ninapofagia,
zito kuliko ukubwa wake.