Anwani Moja

Miaka thelathini na mmoja pale Posta ya Tampere
nimesoma miandiko iliyowashinda wengine:
ya walevi, ya watoto, ya bibi mwenye kiharusi
aliyeandika kila herufi kama anapanda ngazi.
Hakuna barua niliyoirudisha kabla ya kuhangaika nayo.

Kwa hiyo daktari Ylönen aliponieleza
nilimwelewa kabla hajamaliza:
kila seli ya uvimbe huu ina mwandiko mmoja,
uleule, umenakiliwa mara milioni,
na haumo katika mwili wa mtu mwingine yeyote.

Wakanikata tezi kwapani, kubwa kama harage,
wakaipeleka maabara.
Kisha kungoja. Theluji ya Novemba, theluji ya Desemba,
mimi na upara wangu chini ya kofia ya sufu.

Walichokisoma humo, Sirkku muuguzi aliniambia,
wamekifunga kwenye protini ya konokono wa bahari
mwenye damu ya buluu,
ili askari wangu wavivu
wamwone mgeni, wagutuke.
Nilicheka hadi mshono ukauma.
Konokono! Na mimi niliyelaumiwa maisha yangu yote
kwamba barua zetu zina mwendo wake.

Kitanda cha pili alilala Tauno Kivelä,
fundi wa piano, ugonjwa uleule.
Yeye walishindwa kumsoma:
mara mbili walijaribu, mara mbili seli zikafia chupani.
Siku kichupa changu kilipofika kimelala kwenye barafu,
jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa,
alikitazama kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.
Nikamwuliza Sirkku: nusu?
Akatikisa kichwa.
Kwake ni maji tu.

Nimegawa mkate, nimegawa buti,
nimetoa hata damu, chupa kumi na nane.
Hiki tu, kisichojaza kijiko,
sikuweza kumpa mtu.

Sindano pajani. Wekundu wa ukubwa wa stempu.
Sijui kama mwili umeifungua
au umeiweka kando pamoja na bili.
Ylönen naye hajui; kasema tungoje Machi.

Usiku Tauno hubonyeza vidole juu ya blanketi,
piano isiyo na sauti.
Nami nasikiliza ngozini, pale panapowasha,
kama mtu anayesikia hatua za tarishi kwenye ngazi
asijue atasimama mlango upi.