Namba Tatu

Mikono yangu midogo; ndiyo sababu niliitwa.
Byamungu alijaribu, bega likamkwama mlangoni mwa tangi,
akatoka na mkwaruzo na tusi moja la kwao.

Glavu mbili, moja juu ya nyingine.
Alama moja ya kidole humu, alisema Kavira,
itatoa mvuke siku tatu, kama mgeni asiyejua kuaga.
Hata skrubu zimetobolewa katikati,
hewa isije ikajificha chini ya uzi wake.
Kipima-mtikisiko cha kwanza nikakifunga sakafuni, cha pili ukutani,
cha tatu mgongoni mwa kioo,
kidogo kama kichwa cha sambaza.
Waya wake nikaulaza bila kuukaza:
waya uliokazwa hubeba umbea.

Mlango. Pampu. Siku mbili za kunyonya,
jenereta likishika zamu kila umeme ulipokatika.
Mwishowe, ombwe.
Piga kengele humo ndani, haitasikika.
Lakini tangi lina miguu,
na miguu imesimama juu ya Goma.

Tukasoma mistari.
Lori la simenti, barabara ya Sake.
Chukudu la viazi likirukaruka juu ya mawe meusi.
Ziwa, pumzi ndefu, chini kabisa ya karatasi.
Na saa kumi alfajiri, kila siku, namba tatu:
du.
du.
du.

Mlima, akasema Byamungu, midomo imemkauka.
Nyumba ya baba yake imo chini ya lami ile ya moto,
bati na yote;
hadi leo hulala viatu vikiwa kando ya kitanda,
ncha zimeelekea mlangoni.

Kavira akatoka na tochi.
Akarudi anacheka, kitenge kimerukiwa majani mabichi:
ni Mama Nsimire, nyuma ya ukuta,
anatwanga sombe ya kupeleka sokoni.

Tungeweza kumwomba asogeze kinu, hatua ishirini tu.
Kavira akaandika daftarini: *saa kumi, mchi*,
tukawa tunamtoa kwenye hesabu kila asubuhi
kama mtu anavyotoa kijiwe kwenye maharage,
bila kugombana na maharage.

Jumanne mstari ukanyooka.
Saa kumi. Saa kumi na robo.
Mlima kimya, kioo kimetulia kabisa,
usafi tuliouomba mwezi mzima.
Kalamu mkononi, hakuna aliyeandika.

Byamungu ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.