Inchi Saba

Ipyana wa tiketi, pale Kabwe,
aligeuza kioo cha kompyuta nione:
"Mama, hili daraja la kati. Siti pana,
mgongo unalala, miguu inapata inchi saba zaidi.
Unaongeza milioni mbili na laki moja tu."

Tu.
Neno hilo nimewaambia wateja mwenyewe
miaka thelathini na moja, Mwanjelwa, kibanda cha pembeni,
mguu juu ya pedali, Julai ikinipuliza visigino.
Nalijua linavyoshonwa.

Nikavua futikamba shingoni,
nikapima inchi saba juu ya meza yake.
Hizi hapa: kutoka kifundo cha mkono
hadi ncha ya kidole cha kati.
Laki tatu kila inchi.
Sketi mia tatu za shule, za marinda,
nizikate, nizishone, nizipige pasi,
ili goti langu lisiguse kiti cha mbele.

Nami inchi nazijua.
Inchi mbili ndizo nilizomwachia Subilaga kwenye pindo
alipoingia darasa la tano.
Nikafumua nusu, nikafumua tena nusu,
sketi moja ikamfikisha la saba,
mistari ya bluu iliyokoza
ikionyesha kila mwaka ulipoishia.
Leo yuko Toronto, ananiambia kwenye simu,
"Mama, usiangalie bei."
Nani alimfundisha maneno hayo? Si mimi.

Nikakata ya kawaida.

Songwe ukungu ulitukalisha hadi saa tano.
Kwenye ndege kubwa ya usiku nikakaa katikati,
kama kitambaa kati ya mguu wa cherehani na meno yake.
Goti likavimba juu ya bahari nisiyoiona.
Mbele lilining'inia pazia la daraja lile;
nikauchungulia mshono:
uzi wa juu umelegea, pindo limekwenda upande.
Nikafarijika, Mungu anisamehe.

Lakini nilicheka njia nzima.
Jirani yangu alikuwa muuza mbao wa Mafinga,
mtu wa mabega, anakwenda kumwona mwanawe,
tukapishana viwiko kama watu mlangoni mwa harusi.
Furaha haidai nafasi;
unaikunja, unaipakata.

Nilishuka nachechemea. Subilaga aliona, hakusema.
Miezi mitatu nikambeba Tusekile wake mgongoni,
theluji dirishani, mtoto ananinyonya kola.
Nikamshonea magauni manne,
kila moja na pindo la inchi tatu,
na nilipokuwa nakata uzi wa mwisho
nikatambua pindo lile ni la siku gani,
na mimi siku hizo nitakuwa wapi.

Tiketi ya kurudi ilikuwa imebadilishwa, kimyakimya.
Nikapewa zile inchi.
Nilizipima kwa kiganja: saba kamili, hawakuniibia.
Blanketi nene, chai kwenye kikombe cha udongo.
Goti likanyooka. Usingizi haukuja.
Nikageukia dirishani nikalia kwa upana wangu wote,
bila kiwiko changu kumgusa mtu,
bila mtu kuniuliza, mama, vipi?

Sasa wanapita kibandani kuuliza.
Wa kwanza mwalimu Mwakatumbula,
mrefu kama mlingoti wa bendera,
mwezi wa nane anakwenda Oslo kwa kaka yake:
"Eti, zina thamani ya pesa ile?"
Nina pini mdomoni, siwezi kumjibu upesi.
Nazitoa, moja moja, nazichomeka kwenye mto wake.
"Kwenda," namwuliza, "au kurudi?"

Ananitazama kama sikumsikia.
Basi, kaa hapo, mwalimu.
Nipe huo mguu niupime.