Kiulizo Juu ya Neno

Huku Gyumri kiulizo hakingoji mwisho wa sentensi.
Hukwea juu ya neno lenyewe linaloulizwa,
hukaa pale kichwani kama kofia iliyopinda,
na aliyeandika hana pa kujificha:
sharti aseme ni neno gani linamnyima usingizi.

Nayo nukta yetu ni mbili, moja juu ya mwenzake.
Mgeni hudhani tunataka kuendelea.
Sisi tumemaliza.

Bibi Arpenik alinifunza kazi hii kwa rula ya bati
na vidole vyangu.
"Soma kwa masikio, Nvard. Macho huongopa,
macho huona kinachopaswa kuwepo."
Basi nikasoma kwa sauti, karibu na jiko la kuni,
chai ikipoa, theluji ikiziba dirisha,
mpaka nikaanza kuusikia mkato uliokosekana
vile mtu aisikiavyo ngazi iliyokosa kidato:
mguu unashuka, haukuti kitu.

Sitadanganya, ni raha ya uchoyo.
Kuwakuta "na" pacha,
mmoja mwishoni mwa mstari, mwingine mwanzoni mwa unaofuata,
wamejibanza wakidhani giza limewafunika!
Au hivi: *mjane alilia kidogo, akacheka.*
Sogeza mkato.
*Mjane alilia, kidogo akacheka.*
Machozi ni yale yale, lakini ya pili yamepewa muda.

Mwezi wa pili Mushegh mfuga nyuki akatuletea muswada,
kurasa mia tatu ndani ya debe la asali,
kila ukurasa una alama ya kidole kinachonata.
Nyuki, nyuki, bei ya nta, nyuki.
Kisha, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
bila onyo, mkewe,
aliyekwenda Marseille miaka minne
akarudi na sanduku lile lile.
*Wewe ulirudi kwangu*, ameandika,
na kiulizo amekiweka juu ya *kwangu*.

Kalamu ikasimama.
Juu ya *ulirudi*, ni mtu asiyeamini macho yake.
Juu ya *wewe*, ni mtu aliyemtarajia mwingine.
Lakini *kwangu*...
Labda alirudia nyumba. Labda mizinga. Labda mama yake mgonjwa.
Kikofia kidogo vile, na kimelala naye kitanda kimoja
miaka yote hiyo.

Arpenik akasema, "Sisi hatukisii. Tunauliza."
Nikampigia simu. Nikamweleza kitaalamu,
sauti kavu, kama naulizia sarufi tu.
Kimya. Mbwa akabweka. Kisha nikamsikia,
mkono juu ya simu, akimwuliza mtu jikoni,
na mwanamke akacheka,
kicheko cha mtu mwenye unga mikononi.
"Anasema mtoe kiulizo," Mushegh akanijibu.
"Anasema mweke nukta."

Nikaweka. Mbili, moja juu ya mwenzake.
Nikazikoleza wino kuliko inavyoruhusiwa.

Kitabu kilitoka mwezi wa sita. Ukurasa wa tisa
una "na na", katikati ya mstari, peupe,
na Arpenik hakunisemesha hadi Jumatatu.