Tisa na Nusu

Kutoka kaunta yangu hadi Uswisi ni dakika kumi na mbili,
kumi kama huna mzigo.
Mpaka hauna ua tena: waling'oa senyenge
wakasimamisha sanamu za chuma kando ya ziwa,
na mbwa wa nchi mbili hukojolea sanamu moja.

Sheria haijang'olewa.
Ukiishi ng'ambo ile, ukanunua kwangu zaidi ya hamsini,
nakujazia karatasi ya kijani: jina, anwani, sufu, gramu mia nane.
Unaipeleka forodhani, unapanga foleni
nyuma ya vigari vilivyojaa nepi na nyama ya nguruwe,
afisa anagonga muhuri, ta! bila kukutazama.
Kisha, na hapa ndipo wengi husonya,
kodi yako huipati siku hiyo.
Urudi. Safari nyingine. Karatasi mkononi.

Bi Trudi Oberhänsli wa Kreuzlingen
hakusonya hata mara moja.
Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne kasorobo,
alinunua sufu ya hamsini na tisa na nusu;
ndani yake kodi, tisa na nusu.
Aliitandaza karatasi ya mwezi uliopita juu ya kaunta,
akaipiga pasi kwa kiganja,
nikamhesabia,
akanunua tena, nikamwandikia tena.
Miaka kumi na moja sikulala hata usiku mmoja
bila kudaiwa na mwanamke huyu.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Sisi dawa tuliinywa kila mwezi
na kila mwezi tukaagana na ugonjwa uleule.

"Kodi ya ongezeko la thamani," alisoma siku moja, miwani puani.
"Thamani gani imeongezeka? Sufu ni ileile ya kondoo."
Nikamwambia labda ni huo mwendo.
Alicheka hata akatafuta kiti.

Februari hakuja.
Machi hakuja.
Nikatia tisa na nusu ndani ya bahasha,
nikaandika T.O., nikaisukuma ndani ya mtoto wa meza,
chini ya vifungo vya pembe.
Wengine walikuja, wakalipwa, wakaenda.
Bahasha ilikaa
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Aprili nilifunga duka mchana,
jambo ambalo Eckart hajaliona tangu anioe,
nikavuka kwa miguu, bahasha kifuani,
nikijihisi mlanguzi.
"Una chochote cha kutangaza?" akauliza afisa wa upande wao.
Nikasema: deni.
Akanipungia mkono nipite. Deni halitozwi ushuru.

Ghorofa ya tatu. Ilimchukua muda kufika mlangoni,
kigari cha kutembelea kikikwaruza sakafu:
nyonga, barafu ya Januari, ngazi za posta.
Karatasi yangu ilikuwa jikoni, juu ya friji,
imebanwa na sumaku yenye umbo la jogoo,
muhuri wake mweusi, safi, unasubiri.

Nilipopita ukumbini nikaiona sufu.
Mifuko ya duka langu, toka sakafuni hadi darini,
kila mmoja na utepe niliofunga mwenyewe,
mafundo yangu, hayajaguswa.
Hapakuwa na sindano ya kufumia. Hapakuwa na hata soksi.
Sikuuliza.
Alimimina kahawa, mkono ukitetemeka, akasema
mwaka huu majira yamechelewa.

Nikatoa bahasha.
Akaitazama kama unavyomtazama mtu
anayetaka kukulipa nauli ya kwenda kwako.
"Si hapa," alisema, akanirudishia vidole juu yake, kimoja kimoja.
"Karatasi inasema nirudi."
"Lini?"
"Daktari anasema Agosti. Nyonga inasema Juni."

Nimerudi na tisa na nusu ileile.
Iko chini ya vifungo vya pembe.
Pembeni mwa T.O. nimeongeza, kwa penseli:
Juni.