Mfyatua Matofali Mbele ya Kioo

Mimi nafyatua matofali pale Ndosho, kando ya barabara ya Sake.
Kalibu yangu ni moja, ya chuma. Baba aliichomelea
mwaka ule mlima uliposhuka mpaka mjini.
Kumi na tano, ishirini, arobaini: vipimo havijabadilika.
Mchanga ni ule ule mweusi, moto uliopoa.
Bei ndiyo hupanda, saruji ikipita mpaka kwa shida.

Kwa hiyo niliposimama Himbi mbele ya kioo cha duka,
Kasoki akinivuta kidole,
sanduku lile nililitazama kwa jicho la kazi.

Matofali. Ya plastiki. Vipande mia tisa na kumi na viwili.
Juu yake alama ya filamu, kubwa kuliko chombo chenyewe.
Dola mia moja themanini na tano.

Nikauliza: kulikoni?
Kijana wa duka, Bauma, akajibu kwa adabu:
"Hii ya sinema, papa. Ina leseni."
Leseni!
Pikipiki ya shemeji Mbusa haina,
nayo tangu alfajiri inabeba watu watatu na gunia la makala;
hiki kijichombo kisichoweza kufika hata Katindo
kina leseni.

Nayakumbuka yale ya zamani.
Mtoto wa karani wa kahawa alikuwa nayo ndani ya kopo la maziwa:
mekundu, ya njano, meupe, ya buluu,
vifundo vinane mgongoni, basi.
Leo ni nyumba, kesho mamba,
keshokutwa lori lililokwama kwenye tope la Masisi.
Watu wake walikuwa na madoa mawili na tabasamu,
ndiyo maana mmoja aliweza kuwa padri asubuhi,
mwizi mchana,
na jioni akaitwa kula na mama yake.

Bauma akatoa kile cha maonyesho, akakipangusa vumbi.
Kijivu, na kijivu kingine, na kijivu cha tatu.
Vipande kama punje za ulezi.
Kimoja kimepinda hivi: ni unyusi wa roboti,
hakina kazi nyingine mpaka kiama.
Mtu wake ana ndevu, ana kovu, ana hasira ya upande mmoja;
ukimgeuza kichwa, kisogoni kuna uso wa hofu.

Nakiri, ni kazi safi.
Kona zinashikana bila saruji, bila kupimwa kwa kamba.
Mkono wangu haujawahi kutoa kona kama ile,
na nimefyatua miaka ishirini na mmoja.

Lakini hesabu ni hesabu.
Senti ishirini kipande, na vingine havijazi ukucha.
Idadi imepanda, kiganja hakijai.
Sanduku lile ni matofali yangu mia tatu,
chumba cha mtu mmoja hadi kwenye lenta,
na mvua hailijui jina la filamu.

Kasoki hakulia. Hilo ndilo lililoniuma.

Tukashuka Birere kwa mama Kahambu,
yule anayefungua marobota ya Ulaya.
Anayapima kwa kopo, kama maharage,
mabaki ya masanduku ya watoto wasiojuana:
bawa la chombo, nywele za binti mfalme,
nusu ya ngome, magurudumu mawili yasiyolingana,
kofia ya askari wa nyota, na vichwa, vichwa vingi bila miili.
Kopo moja, franka elfu tano. Akaongeza kiganja.

Usiku huo umeme ulikatika mapema.
Kwa mwanga wa simu Kasoki alilaza lile bawa,
gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma,
usukani wa panga mbili:
chukudu.
Ile kofia akaigeuza ikawa gunia la viazi.
Kichwa chenye nyuso mbili akakipa uendeshaji:
hasira wakati wa kupanda,
na kwenye mteremko wa Kibumba, anakigeuza.

Nikamuuliza leseni yake iko wapi.
Hakunijibu. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya breki.